Holmdel, New Jersey: kelele za simu zilikotufikisha

Habari zenu jamani, mlioko nyumbani na nyie wa Muscat mnaonitazama mkitoka zamu. Hebu oneni hicho kidude cheupe nyuma yangu. Miguu mitatu, juu duara. Hilo ni tenki la maji, ila waliolijenga walilipa umbo la transista, kile kidubwana, kiswichi kidogo cha umeme, kinachokaa kwa mabilioni ndani ya simu uliyoshika. Mahali hapa panaitwa Holmdel, jimbo la New Jersey, kama saa moja kwa gari kutoka New York, foleni ikikuhurumia.

Na hili jengo la vioo lilichorwa na Eero Saarinen, likafunguliwa 1962. Maelfu ya mainjinia na wanasayansi wa Bell Labs walikuwa wanaingia kazini kupitia hii milango. Siku hizi linaitwa Bell Works. Chini kuna maduka, maktaba, watu na kahawa zao, mama anasukuma mtoto kwenye kigari, na mlinzi hana habari kabisa na kamera yangu. Kwenye ofisi fulani za kule kwetu muda huu ningekuwa naulizwa kibali.

Bell Labs ni nini? Zamani hapa Marekani simu karibu zote zilikuwa mikononi mwa kampuni moja, AT&T. Mwaka 1925 ikaanzisha maabara yake, na kazi ya maabara ilikuwa simu zisikike vizuri, ziende mbali, zisiharibike ovyo. Basi. Shikeni hapo, maana mengi ninayowasimulia leo yalianzia kwenye kero za simu.

Kabla ya jengo hili, hapa palikuwa mashamba. Miaka ya mwanzo ya 1930 kijana mmoja, Karl Jansky, alipewa kazi ambayo wewe ukipewa utasema bosi ananionea: simu za redio za kuvuka Atlantiki zinakwaruza, hebu katafute zinakwaruzwa na nini. Akajenga antena ya mbao na mabomba, urefu kama mita 30, akaipachika juu ya magurudumu ya gari la Ford, ikawa inajizungusha taratibu, dakika 20 mzunguko mmoja. Akakaa anasikiliza. Radi za karibu akazitambua, radi za mbali akazitambua. Ikabaki sauti moja nyembamba, shiiii, haikatiki.

Kwanza akadhani ni jua. Lakini miezi ilivyokwenda akaona ile sauti inawahi kupanda kwa dakika nne kila siku. Inarudi baada ya saa 23 na dakika 56, na huo ndio muda ambao nyota hurudi palepale zilipokuwa jana yake. Jua lina saa 24 zake. Kwa hiyo mkwaruzaji hakuwa jua, wala radi, wala mtambo wa mtu. Sauti ilikuwa inatoka katikati ya Njia Nyeupe, kundi letu la nyota! Akatangaza mwaka 1933, na hapo ndipo ulipoanza utafiti wa nyota kwa redio. Na yeye? Kampuni ilishapata jibu lake, akapangiwa kazi nyingine. Alifariki 1950 akiwa na miaka 44. Ngoja nisogeze kamera, ile sanamu pale kwenye majani ndiyo kumbukumbu yake, imesimama ilipokuwa antena. Watu wanapita nayo na mbwa wao.

Kilima mnachokiona kule kinaitwa Crawford Hill. Huko juu kuna antena nyingine, kubwa, umbo la pembe kama baragumu. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wanaipima, nao wakakutana na kelele. Waigeuzie New York, ipo. Waigeuzie angani patupu, ipo. Mchana, usiku, kiangazi, baridi, haipungui. Ndani ya pembe wakakuta njiwa wawili wamefanya makao, kuta zimepakwa mavi. Penzias aliandika kwa heshima zote kwamba ni "kitu cheupe kisichopitisha umeme". Wakawakamata njiwa, wakawasafirisha mbali, njiwa wakarudi. Mwishowe wakapigwa risasi, maskini. Antena ikasuguliwa ikang'aa, na kelele ikabaki vilevile.

Ilikuwa ni joto lililosalia tangu ulimwengu ulipoanza, nyuzi kama tatu tu juu ya baridi ya mwisho kabisa iwezekanayo. Nobeli ya fizikia 1978. Penzias huyo, kwa taarifa yenu, aliingia Marekani mtoto mdogo, familia yake Wayahudi waliomkimbia Hitler.

Lakini hadithi ninayoipenda kuliko zote inatuhusu sisi wa joto. Sehemu zenye joto na unyevu, betri kavu za simu zilikuwa zinakufa mapema. Nyie wa Tanga na Lamu hamhitaji maelezo, chumvi na unyevu wa pwani mnaujua. Injinia Daryl Chapin akaambiwa atafute umeme mwingine. Akajaribu seleni, ikageuza chini ya asilimia 1 ya mwanga kuwa umeme. Gerald Pearson na Calvin Fuller walikuwa wanachezea silikoni kwa kazi za transista, wakamwambia achana na hiyo, chukua hii. Aprili 1954 wakaonyesha hadharani kipande cha sola kinachogeuza kama asilimia 6, na mwaka uliofuata kikajaribiwa juu ya nguzo ya simu huko Georgia, vijijini. Ilikuwa ghali kupita kiasi, setilaiti ndizo zilizomudu kwanza. Leo hiyo paneli iko juu ya bati la shangazi yako inachaji simu za mtaa mzima, shilingi ngapi sijui kwa simu.

Mengine nayapitia haraka, mwanga unaisha. Transista yenyewe, Desemba 1947, ilizaliwa Murray Hill, maabara yao nyingine, si hapa, msije mkanidaka. Claude Shannon na hesabu zake za kupima na kutuma habari, 1948. Makala ya leza ya Schawlow na Townes, 1958. Na Unix, programu ya kuendesha kompyuta, 1969, ambayo mawazo yake yamo ndani ya Android yako.

Watu sasa. Transista zilizojaa kwenye chipu za leo si ile ya 1947 hasa. Ni aina iliyotengenezwa Bell Labs mwaka 1959 na Dawon Kahng, Mkorea, pamoja na Mohamed Atalla, Mmisri mzaliwa wa Port Said. Mwafrika, mhamiaji kama mimi. Shule gani ulifundishwa jina lake?

Na hii maiki niliyobana kwenye kola, ukoo wake ni wa James West, Mmarekani mweusi wa Virginia, na Gerhard Sessler, Mjerumani, 1962. West akiwa mdogo alitengeneza redio mbovu, akapanda kitandani kuichomeka kwenye tundu la taa darini, umeme ukamganda, kaka yake akamsukuma ndio akaachia. Wengine tungeapa kutogusa waya tena. Yeye akataka kujua kwa nini mkono uliganda! Baba yake akamkutanisha na weusi wenye shahada za udaktari wa sayansi waliokuwa wanafanya kazi posta, aone anakoelekea. Hakugeuka.

Najua kuna mtu hapo anasema wazungu wana akili. Acha hizo. Kilichokuwepo hapa ni hela isiyoyumba: bili za simu za nchi nzima zinaingia kila mwezi, mtafiti anaweza kusubiri miaka kumi bila kufukuzwa. Tena mwaka 1956 serikali ikaibana AT&T itoe hataza zake zilizokuwepo, yaani haki za kutumia uvumbuzi wake, bila malipo. Ukiritimba ulipovunjwa 1984, subira nayo ikapungua, na jengo hili lilifika mahali likabaki tupu kabisa. Bell Labs sasa ni ya Nokia.

Kwetu kampuni za simu zinachangia mfuko wa mawasiliano kwa wote, Tanzania upo, Kenya upo, minara inajengwa vijijini, sawa. Mimi ningemega kidogo pale niwape vijana wa chuo miaka kumi wahangaike na jambo moja tu, mfano betri inayostahimili joto la Pemba. Nani atakubali kusubiri miaka kumi, hapo ndipo penye kazi.

Haya, napanda Crawford Hill kabla giza halijaingia. Kuna mjenzi alitaka kupajenga nyumba, wakazi wakapiga kelele, mwaka 2023 manispaa ikapanunua. Upepo wa juu kule mkali, kwa hiyo naiwekea maiki ya West sweta yake kwanza.