Jinsi ya Kubana Namba Zisivuke Mipaka kwenye Python

Habari zenu wadau, karibuni. Leo tunabana namba zibaki ndani ya mipaka tunayoitaka sisi. Fungueni Python, na kama hamna maktaba ya NumPy, isakinisheni kwanza.

Hiyo mnayoiona kwenye skrini ni picha ya Kivukoni, jioni, watu wanasubiri pantoni ya Kigamboni. Ina giza, nataka kuiongezea mwanga. Kila pikseli, yaani kila kitone cha picha, imehifadhiwa kwa namba: 0 ni giza totoro, 255 ndiyo mwisho wa mwanga. Najumlisha 60 kila mahali:

picha = picha + 60

Naendesha. Haya, mtazameni huyo kaka wa mbele. Shati lake lilikuwa jeupe, sasa ni jeusi tii! Pikseli zake zilikuwa 220. Ukijumlisha 60 unapata 280, lakini nafasi ya biti 8 inaishia 255, kwa hiyo hesabu inazunguka na kuanza upya, kama saa ya ukutani inavyotoka 12 kurudi 1. 280 toa 256, inabaki 24. Na NumPy imenyamaza kimya, haijatoa onyo lolote.

Sasa tuandike fanksheni yetu:

def bana(x, chini, juu):
    return max(chini, min(x, juu))

Isomeni kuanzia ndani. min inachukua iliyo ndogo kati ya x na juu, kwa hiyo 280 inashuka kuwa 255. max inachukua iliyo kubwa, kwa hiyo -12 inapanda kuwa 0. Namba kama 130 inapita bila kuguswa. Angalizo: ukikosea ukaandika min(chini, max(x, juu)), kila jibu litakuwa chini, na picha nzima itakuwa nyeusi.

Tuongeze na ulinzi. Mtu akiita bana(130, 255, 0), yaani amegeuza mipaka, atapata 255 kila mara na hataambiwa kitu. Juu ya return weka:

    if chini > juu:
        raise ValueError("Mipaka imegeuzwa")

Kwa picha nzima hatuiti fanksheni hii pikseli moja moja, tutakesha hapa. NumPy (tumeiita kwa kifupi np: import numpy as np) ina np.clip, inayobana pikseli zote kwa pamoja. Wengi wanaandika hivi:

picha = np.clip(picha + 60, 0, 255)

Pakieni upya picha ya awali, kisha endesheni muone: shati bado jeusi. Kwa nini? Kujumlisha kumefanyika kwanza, 280 imeshageuka 24, na 24 iko ndani ya mipaka, kwa hiyo clip haina cha kubana. Dawa ni kuipakia tena picha ya awali, kuipa hesabu nafasi kubwa zaidi (int16, yaani biti 16) kabla ya kujumlisha, kisha kuirudisha kwenye biti 8 (uint8):

kubwa = picha.astype("int16") + 60
picha = np.clip(kubwa, 0, 255).astype("uint8")

Hapo sawa. Shati limerudi jeupe, na hata maandishi ya ubavuni mwa pantoni yanasomeka.

Mnaotumia lugha nyingine, nyingi zina kitu hiki tayari: C++ tangu toleo la 17 ina std::clamp, Java tangu toleo la 21 ina Math.clamp, Kotlin ina coerceIn. Wa CSS, kuweni makini na mpangilio: clamp yenu inataka kima cha chini kwanza, thamani katikati, kima cha juu mwisho.

Ila msibane kila kitu. Mwanga, sauti, kasi ya mchezaji kwenye gemu, hizo bana bila wasiwasi. Alichoandika mteja, hapana. Tuseme una duka la vitambaa Kariakoo na mfumo unapokea oda zisizozidi jora 100. Mteja kaandika 1000. Ukibana, unamtumia jora 100 ambazo hakuziomba, na yeye anajua 1000 ziko njiani. Pengine alitaka 10, kidole kikateleza. Hapo mrudishie aandike upya:

if not 1 <= idadi <= 100:
    print("Oda ni jora 1 hadi 100, tafadhali rekebisha")

Kabla hujafunga faili, jaribu namba zilizo mpakani kabisa: 0, 1, 100 na 101. Ya kwanza na ya mwisho zikataliwe, hizo mbili za kati zipite.