Kipande cha Mama Mkubwa

ZUHURA: Karibuni tena kwenye kipindi chetu cha kushona, jamani. Rehema leo kaingia na kikapu kimejaa vitambaa, na macho yamemvimba.

REHEMA: Sijalala, da Zuhura. Jana usiku nimetandaza vipande vyote 20 sakafuni, vinne kwa vitano. Lile shuka la kuunga vipande, la mtoto wa mwenzetu, kila mmoja wetu kashona kipande chake. Arobaini yake Jumamosi!

ZUHURA: Na leo tuliahidi kufundisha kuroweka khanga kabla ya kukata, kupiga pasi mishono, na kutia bitana.

REHEMA: Tutafika. Kila mmoja tulimwambia akate miraba tisa ya inchi nne na nusu, aunge tatu kwa tatu. Ukiacha robo inchi kwenye mshono, kipande kinatoka inchi 12 na nusu. Saba vimekuja 11 na nusu.

ZUHURA: Hao ni mafundi nguo. Mkono wao umezoea kuacha nusu inchi. Mishono miwili tu, inchi nzima imeliwa.

REHEMA: Hivyo nimeshavizungushia utepe wa kitenge cheusi, wa inchi moja, vimerudi sawasawa. Kilichonikosesha usingizi ni cha Mama Mkubwa. Yeye katoa kipande kimoja cha khanga bila kuunga, inchi 13 na nusu, na maandishi yamejaa ukingo kwa ukingo: TAMAA SIKATI.

ZUHURA: Japo sipati, tamaa sikati.

REHEMA: "Japo sipati" imebaki kwake. Sasa nikipunguza inchi moja kulia, I inakwenda na T inamezwa na mshono. Inabaki TAMAA SIKA. Nikipunguza kushoto, inasomeka AMAA.

ZUHURA: Khanga yenyewe imeshakujibu. Sikati!

REHEMA: Da Zuhura...

ZUHURA: Sikati! Unajua ile ni mbeleko? Kitinda mimba wake kabebwa na ile. Nimemuona nayo kisimani, imepauka mgongoni pale kichwa cha mtoto kilipokuwa kinalala. Hebu kigeuze. Unaona weupe huu?

REHEMA: Nauona. Nami ndiyo maana nataka kiingie shukani, kisibaki kabatini. Lakini safu haiungiki kipande kimoja kikizidi inchi. Kitambaa kitavimba katikati.

ZUHURA: Basi vingine 19 viongezewe utepe vilingane na chake.

REHEMA: Kwa siku tatu? Na cherehani moja?

ZUHURA: Mbona wale kina mama wa Gee's Bend, kule Alabama, walishona mashuka ya vipande kwa jicho tu? Nguo kuukuu za kazi, mistari inapinda, na mwaka 2002 kazi zao zikatundikwa makumbusho ya Whitney, New York. Mwaka 2006 zikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani.

REHEMA: Aliyeunga uso wa shuka kule kwa kawaida alikuwa mmoja, nyumbani kwake. Akipinda mstari, anajua wapi ataunyoosha. Kukusanyika ilikuwa kwenye kushindilia, yaani kushona uso na matabaka ya chini yashikane. Sisi tumeshona watu 20, nyumba 20. Bila kipimo kimoja hatuna shuka.

ZUHURA: Kipimo kinamhudumia mtu, mdogo wangu. Mtoto huyu atajifunza kusoma juu ya shuka hili. Umsomeshe SIKA?

REHEMA: Hata sasa kuna kipande kimeandikwa OZI. Kimetoka kwenye Wema hauozi.

ZUHURA: Nani kakata hivyo?

REHEMA: Simtaji. Ila kimelingana, inchi 12 na nusu kamili.

ZUHURA: Khanga ina pindo, mji na jina. Ukilikata jina, umebaki na kitambaa tu.

REHEMA: Na mimi nasema tulikubaliana kipimo, wote tukiwepo, na Mama Mkubwa akiwepo. Wale saba wamekubali kurekebishwa bila neno. Nikimwacha yeye peke yake, nawaambia nini?

ZUHURA: Kwamba ni mkubwa wao.

REHEMA: Hapana, dada. Hapo sikufuati.

ZUHURA: Wala mimi sikufuati.

REHEMA: ... Tuna dakika mbili.

ZUHURA: Kuroweka?

REHEMA: Haitatosha. Pasi na bitana wiki ijayo. Ila jamani, khanga mpya rowekeni usiku kucha, gundi itoke, khanga isije ikasinyaa ndani ya shuka lililokwisha shonwa.

ZUHURA: Kipande cha Mama Mkubwa naondoka nacho.

REHEMA: Kiache kikapuni, da Zuhura. Safu ya tatu inakisubiri.