Filamu Yako Uipeleke Tamasha Gani?

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, poleni na joto.

Nianze na hasara yangu mwenyewe. Filamu yangu fupi ya kwanza niliituma kwenye matamasha kumi na tisa kwa usiku mmoja, kupitia FilmFreeway, ile tovuti ya kutumia filamu matamashani, kwa kadi ya shemeji. Dola 25 hapa, 40 pale. Likanijibu moja tu: umeshinda! Ila kombe, ukilitaka, ulinunue. Ukumbi hawana, watazamaji hawana. Wana tovuti na tuzo za kila mwezi. Mnacheka, shemeji hakucheka.

Siku hizi kabla sijalipa hata senti natafuta picha za ukumbi wao wa mwaka uliopita. Nataka kuona watu wamekaa vitini.

Halafu kuna onyesho la kwanza. Filamu ndefu inafunguliwa duniani mara moja tu. Cannes, tamasha kubwa la Ufaransa, hawaingizi kwenye mashindano filamu iliyokwisha kuoneshwa nje ya nchi ilikotoka, wala iliyowekwa mtandaoni. Kwa hiyo wewe uliyeiweka YouTube ili shangazi aione, umeshachagua. Fupi ina uhuru zaidi, lakini nayo ina mizani yake: mashindano ya filamu fupi ya Cannes mwisho ni dakika 15, pamoja na majina ya mwishoni. Yangu ilikuwa na dakika 22.

Wengi wetu tunaona Ulaya ndiyo mlango pekee. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga ilianzia kwenye tamasha la Durban, Afrika Kusini, Julai 2012. Joseph Wairimu akatoka pale na tuzo ya mwigizaji bora, na mwaka uleule Kenya ikaipeleka Oscar, mara yake ya kwanza kupeleka filamu huko. Ouagadougou, Burkina Faso, tamasha la filamu za Afrika, FESPACO, wanakutana kila baada ya miaka miwili, mwaka wa witiri, basi pigeni hesabu ya lini mtamaliza kuhariri. Na manukuu ya Kifaransa muyaandae mapema, mkisubiri wiki ya mwisho mtatafsiriwa vibaya.

Na Ngome Kongwe, hapo ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar. Mimi kwa filamu ya Kiswahili napapenda kuliko kote. Unakaa nyuma gizani, mhusika anatupa fumbo, na watu wanacheka kabla manukuu hayajatokea. Bibi mmoja akamjibu mhusika wangu kwa sauti, ukumbi mzima ukamuunga mkono. Nilirudi nyumbani nikakata eneo lile lote, maana bibi alikuwa na haki.

Naona mkono kule nyuma. Ehe, dada. Ada? Omba usamehewe. Andika barua pepe kabla ya tarehe ya mwisho, sentensi tatu, nne: wewe ni nani, filamu inahusu nini, bajeti imeisha. Usilie. Mwaka jana niliandikia matamasha manne: mawili yakanisamehe, moja likanipunguzia nusu, la nne mpaka leo naangalia simu.