9mm, .45 au Shotigani? Ukweli Kuhusu Silaha za Kujilinda Hapa Texas

Haya ndugu zangu, habari za huko? Dar, Arusha, Mombasa, Nairobi, Bukavu, na nyie wa Muscat mnaoniangalia mkitoka kazini, karibuni tena. Leo nimekaa ndani ya gari nje ya uwanja wa shabaha hapa Houston, kwa hiyo mkisikia milio huko nyuma msishtuke, ni watu wanafanya mazoezi. Nataka tuongee kuhusu silaha za kujilinda, hasa lile jambo linalowagombanisha watu wa huku kuliko hata siasa: risasi ya ukubwa gani inamlinda mtu kweli.

Nimeamua kulisema kwa sababu Waswahili wenzetu huku wananunua bunduki, na wengi wanachagua kwa kufuata sinema. Mtu anapigwa risasi moja, anarushwa nyuma, anapasua kioo, anatokea upande wa pili. Hakuna kitu kama hicho. Risasi haiwezi kumsukuma anayepigwa kwa nguvu kuliko ile inayomrudia mpigaji mkononi. Ingekuwa inamrusha mtu, na mpigaji naye angekwenda chali. Bastola inamzuia mtu pale tu risasi inapofika sehemu ya mwili ambayo ikiguswa mwili hauwezi kuendelea, au pale mtu mwenyewe anapoogopa na kuacha. Na hata risasi ikifika kwenye moyo, mwandishi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, aliyechambua jambo hili mwaka 1989 aliandika kwamba mtu anaweza kubaki na sekunde 10 hadi 15 za kuendelea kupigana, kwa sababu ubongo bado una hewa ya kutosha. Sekunde 15 ni nyingi sana kwenye korido ya nyumba.

Sasa twende kwenye hizo namba, ambazo ni upana wa risasi, zenye nukta mbele kwa inchi, zenye mm kwa milimita. .22 ni risasi ndogo, upana wake milimita tano na nusu, haina mshtuko mkononi, ndiyo wanayojifunzia watoto na wageni. .380 ina upana ule ule wa 9mm, ila ganda lake ni fupi na baruti ni kidogo, kwa hiyo inakwenda polepole zaidi. 9mm yenyewe ni ya Georg Luger, Mwaustria aliyefanya kazi Ujerumani, ya mwanzoni mwa karne iliyopita, na ndiyo iliyoenea dunia nzima. Askari wengi mnaowaona na mguu wa kuku kiunoni wamebeba hiyo. Halafu kuna .45, pana kama milimita 11 na nusu, risasi nzito ya gramu 15 hivi, karibu mara mbili ya 9mm ya kawaida, lakini inakwenda taratibu.

Hiyo .45 ina historia, na Wamarekani wanaipenda kama mali ya urithi. Walipokuwa Ufilipino wanapigana na Wamoro, yaani Waislamu wa kusini mwa nchi hiyo, wanajeshi wao walilalamika kwamba bastola zao za .38 hazimsimamishi mtu anayekuja mbio na upanga. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, wakapewa kazi ya kupima. Wakaenda kwenye machinjio ya Chicago, wakapiga ng'ombe hai kwa risasi za ukubwa tofauti, wakapiga na maiti za watu, kisha wakasema jeshi lisishuke chini ya .45. Mbunifu wa bunduki John Browning akatengeneza bastola yake ya .45, jeshi likaipokea mwaka 1911, ikabaki kiunoni kwa askari wao mpaka mwaka 1985. Mzee wa hapa Texas ukimwambia 9mm inatosha atakujibu kwa huo mwaka 1911. Lakini majaribio yenyewe yalikuwa ya ovyo. Ng'ombe wachache, vipimo visivyolingana, na ukiisoma ile ripoti unaona ng'ombe wengine walipigwa risasi kadhaa, kubwa na ndogo, wakabaki wamesimama.

Lililobadilisha mambo lilitokea Miami, tarehe 11 Aprili 1986. Maofisa wanane wa FBI waliwazingira majambazi wawili wa benki, Platt na Matix. Mapema kabisa kwenye mapambano, Platt alipigwa risasi ya 9mm iliyopita kwenye mkono, ikaingia kifuani, ikasimama kidogo tu kabla ya kufika kwenye moyo. Kitaalamu lilikuwa jeraha la kumuua. Lakini hakufa pale pale. Aliendelea kupiga, maofisa wawili wakauawa na wengine watano wakajeruhiwa. FBI wakailaumu ile risasi. Wakaanza kutafuta kubwa zaidi, wakajaribu ya milimita 10, mshtuko wake ukawashinda maofisa wengi, ndipo mwaka 1990 ikazaliwa .40, na polisi karibu nchi nzima wakahamia huko.

Na mwisho wake? Mwaka 2016 FBI wakasaini mkataba wa bastola mpya, na ni za 9mm. Wamezunguka miaka 30 wakarudi walipotoka.

Sababu ni mbili, na hizo ndizo ninazotaka mzishike. Ya kwanza, risasi zenyewe zimeboreshwa. Baada ya Miami waliweka kipimo: unapiga kwenye jeli iliyotengenezwa ifanane na nyama, unaifunika kwa nguo nzito, na risasi inatakiwa iingie sentimita 30 mpaka 45 hivi, isipungue na isizidi sana. Risasi za kujilinda za siku hizi zina tundu kwenye ncha, zikigusa mwili zinafunguka kuwa pana. Hizo vitani zimekatazwa tangu makubaliano ya The Hague ya mwaka 1899, lakini polisi na raia wa Marekani wanazitumia, na sababu inayotolewa ni kwamba zikifunguka zinasimama ndani, hazitokei upande wa pili kumpata asiyehusika. Kwa risasi za namna hiyo, 9mm na .45 zinaacha majeraha ambayo daktari wa upasuaji ni vigumu kuyatofautisha.

Ya pili ni mikono ya binadamu. FBI walipopima maofisa wao, wengi walilenga vizuri na kwa haraka zaidi wakiwa na 9mm. Na zinaingia nyingi: Glock 17, bastola ya 9mm, inabeba risasi 17 kwenye magazini, ile .45 ya 1911 inabeba saba.

Hapa kwenye mikono nikae kidogo, kwa sababu kina dada wanadanganywa sana. Mwanamke akiingia dukani, muuzaji anamletea kibastola kidogo, cha rangi ya waridi kikiwepo, .380 nyepesi ya kuingia kwenye pochi, anaambiwa hiki ndicho chako. Leo humo ndani nimemwangalia dada mmoja akihangaika na kibastola cha aina hiyo. Kilikuwa kidogo mno hata kidole cha mwisho hakikupata pa kushika. Kuvuta kile kifuniko cha juu ili risasi iingie, akavuta mara ya kwanza kikateleza, mara ya pili akakibana tumboni, mtutu ukageukia watu wa pembeni, mwalimu akaudaka mkono wake. Alipopiga, kikaruka, akafumba macho. Mwalimu akampa 9mm ya ukubwa wa kawaida, nzito kuliko ile. Uzito wa bastola ndio unaomeza mshtuko. Matundu yake kwenye karatasi yakaanza kukaa karibu karibu. Hakuna aliyekuwa amemwambia hilo pale dukani. Na risasi za mazoezi nazo zina bei: sanduku la 50 za 9mm huku ni kama dola 15, za .45 unapita 20. Mtu ananunua bunduki ya gharama halafu hana hela ya kuipigia, anaiweka kabatini, anajiona amelindwa.

Shotigani je, ile bunduki ndefu inayotoa marisaa, yaani vigololi vingi kwa mpigo mmoja? Watu wanasema ukiwa na shotigani huna haja ya kulenga, marisaa yatasambaa chumba kizima. Si kweli. Ganda moja la kujilinda lina marisaa manane au tisa, kila moja karibu milimita nane na nusu, na kwa umbali wa chumbani yanakwenda kwa pamoja, upana wa kiganja tu. Lazima ulenge. Ila yakifika, hakuna bastola inayoyakaribia. Ubaya wake ni urefu, kishindo, na kwamba inataka mikono miwili, wakati mkono mmoja pengine umemshika mtoto.

Na sasa ukuta. Nyie huko mnaishi kwenye tofali. Huku ukuta wa ndani ni jipsamu mbili na uwazi katikati, ukigonga unasikia ngoma. Risasi ya 9mm inapita kuta kadhaa za namna hiyo. Ya .45 inapita. Marisaa yanapita. Hata risasi ya ile bunduki ndefu ya AR-15, nyepesi na kasi sana, ambayo mara nyingi inapinduka na kuvunjika ikigonga kitu, nayo inapita. Kwenye apatimenti jirani amelala mita nne kutoka kitandani kwako. Kwa hiyo mtu anayeniuliza kipenyo, mimi namuuliza kwanza anaishi nyumba gani na nani yuko nyuma ya ule ukuta.

Niguse panga pia, maana nyumbani wengi wanaamini mwenye bastola hana wasiwasi na mwenye panga. Polisi mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, alilipima hilo na kuliandika mwaka 1983: mtu wa kawaida anakimbia mita sita na nusu kwa sekunde moja na nusu. Ndio muda ule ule anaotumia polisi aliyefundishwa kuchomoa na kupiga. Mlango imara, taa ya nje na simu ya 911, namba ya dharura ya huku, vinakupa muda ambao hakuna kipenyo kitakachokupa.

Kwa mliopo huku na mnaokuja: Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mzima anayeruhusiwa kumiliki anaweza kubeba bastola bila kibali. Msidanganyike na hilo. Sheria ya nchi nzima inamkataza mwenye viza ya masomo au ya matembezi kumiliki bunduki, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Asiye na karatasi hana ruhusa kabisa. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa. Hata kushika bunduki ya rafiki kupiga picha ya Instagram kunaweza kukuletea kesi na kukurudisha nyumbani.

Jambo jingine ni la ndani ya nyumba. Mwaka 2021 waliokufa kwa bunduki Marekani walikuwa 48,830, na zaidi ya nusu, 26,328, walijiua wenyewe. Nimeona nyumba za watu wetu, bastola juu ya friji, ina risasi, na watoto wanapita chini yake kwenda kuchukua juisi. Yangu ni 9mm na inakaa kwenye kasha la chuma la namba za siri, limefungwa kwa boliti ndani ya kabati. Nyumbani kwangu kukiwa na mtu mwenye msongo, inatoka kabisa, inakwenda kuhifadhiwa kwingine.

Halafu wazazi mnaotuma vijana kusoma huku, wasimulieni habari ya Yoshihiro Hattori. Kijana wa Kijapani, miaka 16, mwanafunzi wa kubadilishana huko Baton Rouge, Louisiana. Oktoba 1992 alikuwa anakwenda kwenye sherehe ya Halloween na mwenzake, wakakosea nyumba. Mwenye nyumba akatoka na bastola ya .44 Magnum, moja ya kubwa kabisa zilizokuwepo, akamwamuru asimame. Kijana hakuelewa, akaendelea kumsogelea akisema amekuja kwenye sherehe. Risasi moja ya kifua. Mahakama ya jinai ikamwachia huru aliyepiga. Ile ya madai ikamwamuru alipe familia dola 650,000.

Kwa hiyo kijana akifika huku na anatafuta nyumba ya mwenyeji, apige simu akiwa barabarani, asikatize uani, asizunguke mlango wa nyuma. Akigonga, arudi nyuma hatua kadhaa asimame penye mwanga. Na mlango ukifunguka akaona silaha, asijieleze huku anatembea: asimame hapo hapo, mikono juu, wazi, ndipo aseme jina lake na nyumba anayoitafuta.