Gazeti la chama likikosea

Asanteni, ndugu zangu. Nianze na faini. Mwaka 1958 mahakama ya mkoloni ilimtia Julius Nyerere hatiani kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili. Maneno yenyewe yalitoka kwenye Sauti ya TANU, kijigazeti cha chama alichokihariri mwenyewe. Akaambiwa alipe shilingi 3,000 au akae jela miezi sita. Faini ikalipwa.

Mwaka 1961 gazeti la TANU, Uhuru, likazaliwa, na haukupita muda mwenye gazeti na mwenye serikali wakawa mtu mmoja. Benjamin Mkapa alianza kulihariri mwaka 1966, pamoja na ndugu yake wa Kiingereza, The Nationalist. Mnajua alikoishia: Ikulu. Sisemi kwa kejeli. Tena tusilinyime haki yake gazeti hili, maana baada ya Azimio la Arusha kurasa zake za mashairi zilikuwa uwanja wa malenga.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, meza za magazeti zilijaa. Msomaji wa Dar es Salaam mnamfahamu: husimama mezani, akasoma vichwa vyote vya habari, akaondoka bila kutoa hata shilingi. Uhuru hulipita upesi. Anahisi anajua limesema nini.

Agosti 2021 hakulipita. Ukurasa wa mbele ulisema Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama chenye gazeti, hana wazo la kuwania urais 2025. CCM ikasema hakutamka hivyo. Ikalifungia gazeti lake yenyewe siku saba, ikawasimamisha kazi wakubwa watatu. Serikali nayo ikaja na yake: leseni kusitishwa siku 14.

Kwamba kichwa kile kilikuwa kibaya, sibishani. Kinachonikera ni zamu zenyewe. Kwingine serikali ikibisha hodi, mwenye gazeti humtafutia mhariri wake wakili, walau kwa kulinda mali yake. Hapa mwenye mali ndiye aliyetangulia na fimbo, serikali ikamalizia. Nyerere mwaka 1958 alikuwa na chama nyuma yake, na kortini akasimamiwa na D. N. Pritt, wakili aliyetoka Uingereza. Wale wa Uhuru wangemkimbilia nani?

Tuingie kwenye maswali. Hilo liwe la kwanza.