Vipimo safi, mwili umegoma

Shikamooni wazee wangu, vijana habari za mchana. Asanteni kwa kuja hapa Newala, najua saa hizi wengine mngekuwa mnafyeka chini ya mikorosho maana msimu wa kupulizia mikorosho salfa hauna subira, kwa hiyo sitasoma kwenye karatasi, nitaongea tu kama tunavyoongea pale wodini.

Leo tarehe 12 Mei ni siku ya wauguzi duniani, ndo siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Sisi wauguzi tunamkumbuka na taa yake, anazunguka usiku kwa majeruhi wa vita vya Crimea, lakini hatusimulii sana kwamba aliporudi Uingereza aliumwa miaka na miaka, hana nguvu, mgongo unamuuma, kazi zake nyingi kubwa kaziandika akiwa kitandani. Watafiti wengi wanadhani ilikuwa brusela, ule ugonjwa wa maziwa yasiyochemshwa. Na ndo sababu tarehe hiihii ikawa pia siku ya watu wenye uchovu sugu na faibromayalijia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima, haya mawili ndo yamenileta leo.

Ngoja nianze na hapahapa tulipokaa. Mwaka 1952 kuingia 1953, kwenye hii tambarare yetu ya Makonde, ulilipuka ugonjwa, homa ya ghafla, viungo vinauma mpaka mtu mzima anatembea kajikunja kama kabeba mzigo. Madaktari wawili, Robinson na Lumsden, wakauandika mwaka 1955, na jina wakalitoa kwenye Kimakonde, kungunyala, kujikunja, kupindapinda. Leo daktari wa Brazil, wa India, wa Italia anaandika chikungunya kwenye faili la mgonjwa, neno la bibi zetu! Maana yake kuna mtu alisikiliza wagonjwa wanasemaje kabla hajaupa ugonjwa jina. Mimi hilo jambo linanigusa sana na nitalirudia.

Sasa chikungunya kwa wengi inaisha, lakini kuna wanaobaki na maumivu miezi, wengine miaka, virusi walishaondoka zamani mwili bado unalia. Na sio chikungunya peke yake. Kuna mji unaitwa Dubbo, Australia, waliwafuatilia watu waliougua maambukizi matatu tofauti, kimoja kirusi cha Ross River ambacho ni ndugu kabisa na cha chikungunya, majibu yakatoka mwaka 2006. Baada ya miezi 6 kama watu 11 katika kila 100 walikuwa na uchovu sugu kamili, na kilichotabiri nani atabaki hivyo ni ukali wa ugonjwa wenyewe ulivyoanza, sio kwamba mtu alikuwa na mawazo au tabia dhaifu. Baada ya Uviko tumeona hadithi ileile, dunia nzima.

Uchovu sugu ninaousema sio ule wa kutoka shamba. Ule unalala, unaamka, umeisha. Huu unadumu zaidi ya miezi 6, unalala masaa tisa mazima unaamka kama hujalala, kichwa kina ukungu, unasimama kizunguzungu, na alama yake kubwa ni kwamba ukijitutumua kidogo unaanguka vibaya, tena sio palepale, kesho yake au keshokutwa. Faibromayalijia yenyewe maumivu ndo yanatangulia, mwili mzima, juu na chini, kulia na kushoto, zaidi ya miezi 3, pamoja na usingizi mbovu na uchovu. Nyama haijaoza wala mfupa haujavunjika, kilichoharibika ni namna ubongo na uti wa mgongo unavyopokea taarifa za maumivu, ni kama redio ambayo kitufe cha sauti kimekwama juu. Na watu wengi tu wana vyote viwili.

Kuna dada mmoja, mbangua korosho, nilimfahamu vizuri. Alikuwa anakaa kwenye kigoda anabangua tangu asubuhi, vidole vyeusi kwa yale mafuta ya ganda. Akaugua homa, akapona, halafu nguvu hazikurudi. Nilienda kwake siku moja nikamkuta anasonga ugali, anazungusha mwiko mara tatu anahamishia mkono wa pili, mara tatu tena anahamisha, halafu akakaa chini akaniambia dada malizia. Nywele alikuwa kanyoa kabisa, nikadhani msiba, kumbe hawezi kuvumilia kusukwa, ngozi ya kichwa inauma hata ukiigusa na kitana. Siku akipata nafuu anafanya kazi zote kwa mpigo, anafua, anapiga deki, anaenda kisimani, watu wanasema si mnaona ni mzima, halafu siku tatu zinazofuata hanyanyui hata kikombe. Mumewe anahesabu zile siku tatu, ile siku moja ya nafuu ndo anaitolea ushahidi kwamba mke ni mvivu.

Watu mnaniuliza, wako wangapi? Faibromayalijia kwa tafiti za nchi nyingi ni asilimia 2 mpaka 4 ya watu, wanawake zaidi ya wanaume. Tukichukua hata ile 2, kijiji chenye watu wazima 1000 kina watu 20, hao ni kama madawati mawili matatu ya kanisani au safu nzima msikitini. Uchovu sugu, Marekani waliwauliza watu wazima mwaka 2021 na 2022, wakapata asilimia 1.3, zaidi ya watu milioni 3, wanawake 1.7 wanaume 0.9. Na ripoti kubwa ya taasisi yao ya tiba ya mwaka 2015 ilisema kati ya wagonjwa 100 wa uchovu sugu, 84 mpaka 91 hawajawahi kuambiwa na daktari kwamba wanao. Huko kwenye mashine zote! Karibu robo wanafika mahali hawatoki nyumbani au hawatoki kitandani kabisa.

Hapa kwetu huyo mtu atapimwa malaria, atapimwa taifodi, ataambiwa UTI, atapewa sindano, baada ya mwezi anarudi, UTI tena. Hela ya korosho yote inaishia duka la dawa. Akimaliza hospitali anapelekwa kwa mganga, kuku anachinjwa, na yeye ndo huyohuyo anatakiwa apike ule ugali wa wageni.

Na mimi nina deni hapa, naliongea mbele yenu. Miaka ya nyuma nikiwa muuguzi kijana kwenye kituo fulani, mama mmoja kaja mara ya nne, majibu yote safi, nikamwambia mama huna ugonjwa, nenda kapumzike. Akaniangalia, akakunja kile kijikaratasi cha majibu kidogo kidogo mpaka kikawa kama punje, akakifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka. Hakurudi. Nilikuwa nimesoma majibu ya maabara, sikumsoma yeye. Wale wa mwaka 1952 hawakuwa hata na kipimo lakini walisikia neno kungunyala wakaliandika.

Kupima lazima tupime, msinielewe vibaya. Mtu aliyechoka namna hiyo aangaliwe damu, minyoo ya safura, kisukari, tezi ya shingo, kifua kikuu, virusi vya ukimwi, ini, figo, maana hivi vinafanana na vina dawa zake. Lakini hakuna kipimo cha damu cha faibromayalijia wala cha uchovu sugu, vinatambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa, kwa hiyo vipimo vikiwa safi ndo mazungumzo yanaanza.

Tiba ya kumaliza kabisa bado. Kwa faibromayalijia, dawa inayoitwa amitriptilini, kidogo usiku, inasaidia baadhi ya watu maumivu na usingizi, na ukipewa usikasirike kwamba umeitwa kichaa, ndio ni dawa ya sonona lakini kwa dozi ndogo inafanya kazi nyingine. Diklofenaki, zile dawa za maumivu mnazomeza kama karanga, hazisaidii huu ugonjwa, zinaumiza tumbo na figo, naombeni sana mziache. Mazoezi mepesi, kutembea taratibu, yanawafaa wengi wa faibromayalijia. LAKINI yule anayeanguka kesho yake akijitutumua, msimsukume. Uingereza walikuwa wanawaongezea mazoezi kila wiki hawa watu wa uchovu sugu, mwaka 2021 mwongozo wao ukabadilishwa, wakaambiwa acheni.

Wenye huo uchovu nawaambia hivi, na nyie wanawake wa Newala mtanielewa kuliko mtu yeyote wa mjini. Mama zetu walikuwa wanashuka bondeni kufuata maji, ndoo moja inapanda kilima, kwa hiyo ikifika nyumbani hakuna anayeimwaga, kata hii ya kupikia, kata hii ya mtoto, kinachobaki kesho. Nguvu yako ndo hiyo ndoo. Ukiamka unaona imejaa usiimalize saa nne asubuhi. Fua nguo tatu, kaa. Kata mboga ukiwa umekaa. Tafuta daftari la shule, andika leo nimefanya nini na kesho yake nimekuwaje, wiki mbili tu, halafu njoo nalo kliniki, mimi nitalisoma lote.

Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma, mama uliyekaa kwenye mkeka. Hapana mama, usisimame, uliza hivyohivyo ulivyokaa, sisi tutageuka.