Kata saba za Chicago: Weusi na Walatino walivyojenga nguvu ya kura

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Moja kwa moja kwenye mada.

Mshikamano wa Wamarekani Weusi na Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, huhubiriwa sana kwa hoja kwamba wote wameonewa, basi na wasimame pamoja. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini peke yake haijazi sanduku la kura. Mkono mtupu haulambwi. Muungano wa kisiasa hudumu pale kila upande unapopata kitu cha kushika, na katika siasa za jiji, kitu hicho ni kata. Tuchukue Chicago, tangu 1982 hadi 1989.

Chicago ina kata 50, kila moja na diwani wake. Sensa ya 1980 ilihesabu wakazi wapatao milioni 3: Weusi karibu asilimia 40, Walatino asilimia 14. Ukijumlisha, ni zaidi ya nusu ya jiji. Hata hivyo, uchaguzi wa 1983 ulipokwisha, diwani Mlatino alikuwa mmoja tu. Kazi hiyo ilifanywa na ramani ya mipaka ya kata ya 1981. Wamexico wa mitaa ya Pilsen na Little Village, na Wapuerto Rico wa Humboldt Park, walikatwakatwa na mipaka ya kata hivi kwamba kila kipande kikawa wachache ndani ya kata ya wengine.

Kabla ya ramani, daftari la wapiga kura. Mwaka 1982 vikundi vya mitaani viliandikisha wapiga kura wapya zaidi ya 100,000, wengi wao Weusi. Siri ilikuwa mahali: waandikishaji waliwafuata watu kwenye foleni za ofisi za misaada ya serikali, ambako mtu husubiri saa nzima na ana muda wa kusikiliza. Kwa Walatino kazi ilikuwa ya namna mbili, na anayeichanganya hupoteza nguvu bure. Wapuerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917, kwa hiyo fomu tu inatosha. Mhamiaji kutoka Mexico huhitaji kwanza uraia: kwa kawaida miaka 5 ya ukaazi wa kudumu, mtihani wa Kiingereza na uraia, ndipo daftari.

Hapa niweke tahadhari, maana jambo hili linawagusa wengi mlio hapa. Swali la kwanza la mwandikishaji liwe, "Wewe ni raia?" Akijibu hapana, fomu isimguse. Asiye raia akitia saini kwamba ni raia, hata kwa kutoelewa, anaweza kufukuzwa nchini na kufungiwa njia ya uraia. Mpe badala yake anwani ya darasa la uraia, na muulize nani nyumbani kwake ana haki ya kupiga kura.

Tarehe 22 Februari 1983 Harold Washington, mbunge Mweusi, alishinda mchujo wa chama cha Demokrat wa kumpata mgombea umeya kwa takriban asilimia 36, kwa sababu Jane Byrne, meya wa wakati huo, na Richard M. Daley, wote wazungu, waligawana kura za wazungu. Walatino wengi hawakumchagua siku hiyo. Wiki 7 baadaye, tarehe 12 Aprili, alimshinda Bernard Epton wa chama cha Republican kwa kura zipatazo 48,000, na safari hii Walatino walio wengi walikuwa upande wake. Sitaki tupite haraka hapo. Kilichowageuza ni wanaharakati wa vyama vya wafanyakazi na wa mitaa waliobisha hodi mlango kwa mlango wakiwa na madai yanayotajika: kazi za halmashauri, nafasi kwenye kamati, huduma za mitaa. Mmoja wao, Rudy Lozano, aligombea udiwani kata ya 22 na akapungukiwa kura 17 tu kulazimisha duru ya pili. Juni mwaka huohuo aliuawa nyumbani kwake.

Washington akaingia ofisini akakuta madiwani 29 wakimpinga na 21 wakimuunga mkono. Wale 29 walizuia teuzi zake, lakini kutengua kura ya turufu ya meya kulihitaji kura 34, kwa hiyo pande zote mbili zikakwama kwa miaka mitatu.

Kilichofungua mlango ni mahakama. Weusi walikuwa wameishtaki ramani ya 1981, Walatino nao wakaishtaki, na kesi zikasikilizwa pamoja. Mwaka 1984 Mahakama ya Rufaa ilikubali kigezo cha asilimia 65, na hesabu yake inafaa kukaririwa: chukua nusu, ongeza 5 kwa sababu jamii hizi zina watoto wengi wasiofikia umri wa kupiga kura, 5 kwa uandikishaji mdogo, na 5 kwa wanaojiandikisha lakini hawajitokezi. Kata yenye Walatino asilimia 52 ni yao kwenye karatasi tu.

Mipaka ikachorwa upya na uchaguzi ukarudiwa katika kata 7, tarehe 18 Machi 1986. Jesús García akaipata kata ya 22 aliyoikosa Lozano. Kata ya 26, Luis Gutiérrez alikosa nusu kwa sababu ya kura chache za mgombea asiyekuwamo kwenye karatasi, ambaye wapiga kura waliandika jina lake kwa mkono, akashinda duru ya pili mwezi Aprili. Baraza likawa 25 kwa 25 kati ya wafuasi wa Washington na wapinzani wake, na kura ya uamuzi ikawa ya meya.

Kisha muungano ukavunjika. Washington alifariki ofisini tarehe 25 Novemba 1987. Hapakuwa na chombo cha pamoja cha kuamua mrithi, kila kitu kilipitia kwa mtu mmoja. Madiwani Weusi wenyewe waligawanyika kati ya Eugene Sawyer na Timothy Evans. Katika uchaguzi wa meya wa 1989 Gutiérrez alimuunga mkono Daley, García akabaki na Evans, Daley akashinda.

Kiini cha mgogoro leo bado ni ramani. Ile ya 2022 iligombaniwa na madiwani Weusi na Walatino wao kwa wao, ikaishia na kata 16 za Weusi walio wengi na 14 za Walatino, baada ya sensa ya 2020 kuwakuta Walatino wamewapita Weusi kidogo kwa idadi. Mazungumzo yalianza takwimu zikiwa tayari mezani, yaani kila mtu alishajua anapoteza nini. Wanaotaka kuepuka hayo baada ya sensa ya 2030 wakubaliane mapema kanuni za kugawana, wafanye kampeni ya kuhesabiwa kwa pamoja, na wachore ramani moja ya kuipeleka barazani kabla wengine hawajawachorea.

Nanyi mnaozungumza Kiswahili mkumbuke: sheria ya karatasi za kura kwa lugha nyingine haitaji Kiswahili. Lakini tangu 1982 mpiga kura asiyeweza kusoma ana haki ya kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msimamizi wa kituo akikataa, taja Kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura.